Kanawe Vizuri, Urudi

Siku mliyoniaga ofisini nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani na keki, na kila aliyesimama kusema alimalizia kwa jambo moja: Bi. Zuhura, tuandikie. Nadhani wengi wenu mlisema kwa adabu tu. Poleni, maana nimeandika. Huu ni mwezi wangu wa pili nyumbani, na tangu juzi nimepata sababu ya kuandika iliyoninyima utulivu kabisa. Nimetia chumvi mchuzini mara mbili, nimesahau maji motoni, na mume wangu ameniomba nikae kitako nimalize nilicho nacho ili nyumba irudi kula chakula cha kawaida. Sababu yenyewe nitaisema mwisho. Mkiruka mbele kuitafuta hamtaielewa, kwa hiyo nivumilieni.

Ya vyeo siyasemi. Nilianza nikiwa karani wa alama za vidole, nikamaliza nikiwa karani wa alama za vidole mwenye funguo nyingi zaidi.

Siku ya kwanza niliingia ofisini na buibui jipya na kalamu tatu. Mkubwa wa chumba chetu alikuwa Bwana Kyalo, mtu wa bara, mzee wa kanisa, mtoto wa mfanyakazi wa reli, ambaye alikuwa akichukua alama za watu wa kisiwa hiki tangu mimi sijaanza shule. Alizitazama kalamu zangu akasema hapa haziandiki kitu. Kisha akakunja mkono wa shati, akanyoosha vidole vyake kumi mbele yangu, akaniambia nimchukue alama yeye. Nilimharibia shati. Mama yangu nilipomweleza jioni ile kwamba kazi yangu ni kushika mikono ya watu siku nzima, aliuliza kama kuna glavu.

Kwa nyinyi mliozaliwa zama za mashine, kazi ilikuwa hivi. Unatia tone la wino juu ya kioo, unalisambaza kwa rola ya mpira mpaka wino unakaribia kutoonekana, halafu unakiviringisha kidole cha mtu juu ya kioo, kisha juu ya kadi. Dole gumba huviringishwa kuelekea mwilini, na vidole vingine kutoka mwilini, ili mkono uanze umekaza na umalize umelegea. Wino mwingi ni uvivu, alisema Bwana Kyalo. Na usikubali mtu akusaidie. Kila mtu hupenda kusaidia, hukaza kidole na kukisukuma, na huyo anayesaidia ndiye anayeharibu kadi. Ndiyo maana ukutani tulikuwa na kalenda kuukuu yenye picha ya mlima wa theluji. Miaka yake ilikuwa imepita zamani lakini hakuna aliyethubutu kuiondoa.

"Mwambie atazame mlima," alisema Bwana Kyalo. "Akitazama mlima, mkono huwa wako."

Niliipenda kazi ile kabla hata ya mshahara wa kwanza. Unainua kidole na pale kwenye karatasi nyeupe panabaki mizunguko ambayo hakuna mwingine duniani aliyepewa. Vijana wa Kizingo walikuja wameletwa na magari ya wazazi wao, mikono laini, na alama zao zilitoka safi mno, utadhani ni za kitabuni. Jioni tulijifuta wino kwa spiriti, tukanawa, tukajifuta tena kwa spiriti, mpaka vidole vikawa vikavu na kukakamaa. Sikujali. Nilirudi Majengo kwa miguu nikijiona mtu wa maana sana.

Kadi zilipelekwa Nairobi, na zile zisizosomeka zilirudishwa kwetu. Tulizitia katika bati la biskuti chini ya meza. Mwenye kadi alipokuja kuulizia kipande chake, yaani kitambulisho, tulimwambia alama hazikutoka na lazima tumchukue upya. Na kabla ya kumchukua upya tulikuwa na neno letu la ofisi, ambalo nililipokea siku ya tatu na kulitumia kwa miaka bila kulitazama mara mbili: "Mikono hii haikuoshwa. Kanawe vizuri, urudi." Bomba lilikuwa uani, na sabuni juu ya tofali.

Nililisema kwa sauti. Nyinyi mnaijua sauti yangu. Foleni nzima ilisikia, na aliyeambiwa akatoka uani kichwa chini.

Mmoja niliyemwambia hivyo alikuwa Fundi Athmani wa Mji wa Kale, fundi wa kupaka chokaa nyumba za mawe, mtu mzima mwenye kanzu safi kuliko kuta za ofisi yetu. Kipande chake kilikuwa kimefuliwa pamoja na suruali. Alikuja mara ya kwanza, kadi ikarudi. Mara ya pili, ikarudi. Mara ya tatu nikamwambia neno letu, akaenda bombani, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi vidole vilikuwa vyekundu.

"Binti yangu, nshanawa," akasema. "Nshajisugua na mtanga huko uani. Sasa zaidi ya hapo nitowe ngozi?"

Alijisugua kwa mchanga, yaani mistari michache iliyokuwa imebaki aliimaliza hapo hapo kwa amri yangu. Mimi nilicheka. Nilidhani ananifanyia mzaha, na nilimchukua alama nikijiona mvumilivu. Kadi ilirudi. Yeye hakurudi, na nilisikia baadaye kwamba alikuwa akipita vichochoroni tu, asikutane na askari wa kumuuliza kipande. Hilo nalo halikuninyima usingizi, na naliandika hapa kwa sababu mnanipenda kupita kiasi na ni vizuri mjue.

Kisha ikaja zamu ya mama yangu.

Mama alikuwa akibangua korosho. Alizikaanga uani kwetu Majengo, akazipasua moja moja, akawauzia wenye maduka, na kwa korosho hizo alitulea watoto watano. Mwaka ule kaka yangu mkubwa alimwandalia safari ya Hija. Mama alikuwa ameitamani Maka tangu nimjue. Kila mwaka mahujaji wakiagwa alisimama mlangoni akiwapungia mikono, kisha akarudi kwenye korosho zake. Sasa zamu yake imefika, na kipande chake kilikuwa kimefutika picha na jina. Bila kipande kipya hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna safari. Kiongozi wa msafara alikuwa ametaja siku ya mwisho ya kupeleka karatasi, na haikuwa mbali.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mwanawe yuko pale pale. Lakini sheria yetu ilikataza karani kumchukua alama jamaa yake, kwa hiyo alipofika nilimwachia mwenzangu Nduku, nami nikaendelea na wangu kwenye meza ya pili. Nduku alikuwa mwema, msiseme vingine. Alishika mkono wa mama, akautazama, akasema kwa sauti yetu ya ofisi, sauti yangu:

"Mama, mikono hii haikuoshwa. Nenda ukanawe vizuri, urudi."

Foleni ilisikia. Mama angeweza kusema mimi ni mama yake Zuhura. Hakusema. Aliinuka akaenda uani, nami nikamwona kupitia dirishani, ameinama bombani, anaosha mikono ambayo alikuwa ameiosha kwa wudhu asubuhi ile na kuipaka udi kwa ajili ya kuja ofisini kwangu. Akarudi, akasimama mwisho wa foleni. Sijawahi kuona haya namna ile, wala kabla wala baada. Uso uliniwaka, na mtu niliyekuwa nimemshika kidole akaniuliza kama naumwa.

Kadi ya mama ilirudi. Haikusomeka hata kidole kimoja.

Siku hiyo nilitoka ofisini na kioo cha kukuzia ndani ya mkoba, jambo ambalo pia limekatazwa. Mama alikuwa ameketi kwenye kibao chake uani, bakuli la korosho mbele yake. Nikauchukua mkono wake wa kulia nikautazama. Mkono ule ulinilisha, ulinisuka, ulinipiga pale nilipostahili, na sikuwahi kuutazama kama nilivyotazama mikono ya watu baki kila siku. Ncha za vidole zilikuwa nyororo na nyeusi kidogo. Mistari hakuna.

"Mama, imekwenda wapi?"

"Nini?"

"Mistari ya vidole."

Akacheka. "Si hizi korosho, mwanangu. Maganda yana mafuta, yala ngozi. Wanawake wote wa mtaa huu wako hivi. Kwani wewe wafanya kazi gani huko, hata hili hulijui?"

Hakulisema kwa hasira, aliuliza tu. Nikasimama pale uani. Wanawake wote wa mtaa huu, alisema. Nikalikumbuka lile bati la biskuti chini ya meza yetu.

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya bawabu kumaliza chai. Nikalimwaga bati lote sakafuni. Kila kadi ilikuwa na fomu yake, na kila fomu ilikuwa na mstari wa kazi ambao tuliujaza siku zote na hatukuwahi kuusoma. Nikaanza kuzipanga kwa kazi. Korosho hapa. Madobi pale. Wapaka chokaa na waashi karibu na dirisha. Wachukuzi wa magunia ya saruji karibu na mlango. Wamenyaji wa mihogo na viazi chini ya meza ya Nduku. Mafungu yalikua, nikawa natembea kwa magoti kutoka fungu moja hadi jingine nikijisemea peke yangu. Wengi walikuwa wa Majengo na wa karakana za Mji wa Kale. Mwenye anwani ya Kizingo nilimpata mmoja tu, nikadhani nimekosea. Nikasoma kazi yake: mfuaji na muosha vyombo, nyumba ya watu.

Hapo nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Kumbe bati letu halikuwa na wachafu hata mmoja. Lilikuwa na watu walionawa kuliko sisi sote, watu wa maji na sabuni na chokaa. Na aibu ya mama yangu, niliyodhani ni yake na yangu na inaishia uani kwetu, ilikuwa imejaa bati zima, ina majina na mitaa na kazi, na hakuna mmoja wao aliyejua kuhusu mwenzake. Kila mmoja alikwenda nyumbani akidhani ni vidole vyake tu.

Bwana Kyalo aliingia akanikuta hivyo. Alisimama mlangoni akatazama mafungu, kisha akavua viatu ili asikanyage kadi, mzee mzima na soksi zilizotoboka, akapiga magoti akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu.

"Mama yangu alifua nguo za watu huko Changamwe," akasema. "Vidole vyake vilikuwa hivi. Na mimi ndiye niliyekufundisha kuwaambia wakanawe."

Nikamsogezea fungu la madobi. Akajifuta macho kwa mkono wa shati, akavaa miwani.

"Sasa tufanye nini, Zuhura? Maana huko Nairobi huruma haisomeki kwenye kadi."

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Tulijaribu kila kitu. Tuligundua kwamba kidole kilicholika kinataka wino kidogo hata kuliko ule wetu kidogo, na mguso mwepesi; ukikandamiza unaizamisha mistari. Tuligundua kukamua: unashika kidole kwenye pingili ya chini na kuvuta taratibu kuelekea ncha, mara tano, mara sita, kama mtu anayekamua mbuzi, mpaka damu inajaa nchani na mistari inasimama. Na tuligundua, kutoka kwa mama, kwamba ngozi hurudi. Ukiipumzisha na kuipaka mafuta ya nazi, inarudi.

Kumpumzisha mama ndiyo kesi ngumu kuliko zote za maisha yangu. Nilimpa wiki tatu bila korosho. Siku ya nne nilimkuta jikoni akibangua, kajifunga vitambaa vidoleni. Majirani ikabidi wagawane korosho zake, naye akawa anaketi kibarazani akiwasimamia, mikono inang'aa mafuta, analalamika kwamba wanavunja vipande. Kila alasiri nilimtazama vidole kwa kile kioo. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili nikaona kijistari kwenye kidole cha shahada, chembamba sana, halafu pembeni yake kingine. Nilimbusu mkono ule. Nilikimbia mpaka kwa mwenye duka kumpigia simu Bwana Kyalo, naye kwa upande wa pili akasema Mungu asifiwe kwa sauti ambayo hata mwenye duka aliisikia.

Nduku ndiye aliyemchukua tena. Alimwomba radhi kwanza, mbele ya foleni, na mama akamwambia, "Haina neno, mwanangu, na wewe wafanya kazi yako." Akatazama mlima. Nduku akakamua, akaviringisha, akainua. Vilitoka vidole saba, na vilitosha. Kipande kilifika, pasipoti ikafuata kabla ya siku ya mwisho, na mama akaondoka na msafara wake. Aliporudi alikaa siku mbili na wageni, na siku ya tatu akarudi kwenye kibao chake. Nilipomkemea alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetoka safari.

Fundi Athmani nilikwenda kumtafuta mwenyewe. Nilimkuta juu ya ngazi Mji wa Kale, anapaka ukuta wa nyumba ya ghorofa. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba radhi kutoka chini, maana hakushuka. Nikamweleza habari ya wiki tatu.

"Wiki tatu nisishike chokaa?" akasema. "Na wanangu washike nini?"

Hapo furaha yangu ilipunguzwa kidogo, na ilistahili. Mama alikuwa na majirani na kaka yangu. Fundi alikuwa na ngazi yake tu. Kupumzisha ngozi pia ni jambo la mwenye nafasi, na mimi nilikuwa nimelibeba mtaani kama dawa ya kila mtu. Lakini nilimwomba ashuke nimwone vidole tu, akashuka, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho hakikushika mwiko, kilikuwa kizima kabisa. Na cha pili yake nusu. Bwana Kyalo akaandika barua kwamba vingine vimeliwa na kazi, akatia saini, akaituma Nairobi na kadi, na walipoirudisha akaituma tena na barua ndefu zaidi. Mara ya tatu walichoka wao. Fundi alipokuja kuchukua kipande alituletea halua, na alipita barabara kuu.

Kuanzia hapo chumba chetu kilikuwa na desturi yake. Kabla ya kugusa wino unaugeuza mkono wa mtu kwenye mwanga, na unauliza: kazi yako ni gani? Jinsi kazi hiyo ilivyovila vidole unaandika kwa penseli pembeni ya fomu, kwa sababu tuliambiwa fomu haina nafasi ya mambo hayo. Sabuni juu ya tofali niliiondoa mwenyewe. Bwana Kyalo alipostaafu alinirithisha kioo cha kukuzia na kalenda ya mlima, na nilimzika akiwa na vidole vyake vyote kumi vinasomeka, alivyokuwa akijivunia, maana spiriti alituachia sisi makarani.

Kisha zikaja mashine zenu, zenye taa nyekundu na kijani. Mnakumbuka tulivyogombana. Mashine ikiwaka nyekundu mlitaka kusema "ajaribu tena", nami nikapiga kelele kwamba mashine nayo imeajiriwa juzi, muulizeni mtu kazi yake. Wengine mlihamia ofisi nyingine, wengine mkaacha, na sikujua kama mliondoka na chochote isipokuwa kelele.

Sasa nije kwenye juzi. Nilikwenda hospitali kujiandikisha, na siku hizi huandikishwa kwa kidole. Nikaweka dole gumba. Nyekundu. Nikaweka la pili. Nyekundu. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Nikaugeuza mkono wangu nikautazama, na ncha za vidole zilikuwa nyororo. Miaka yote ile ya spiriti. Nilikuwa nimeitafuta mistari ya kisiwa kizima na yangu sikuitazama hata mara moja, nami ndiye niliyemcheka mtu kwa mchanga. Nikasubiri neno lile, kwa sababu nililijua, na nikajisemea kwamba nikiambiwa nitakwenda kunawa kama mama alivyokwenda, bila kusema mimi ni nani.

Msichana wa mashine sikumjua, na hakuwahi kufanya kazi kwetu. Alinyoosha mkono wake akauchukua wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Samahani, bibi," akasema. "Kazi yako ilikuwa gani?"

Nilifurahi mpaka nikasahau kujibu. Nikamuuliza nani aliyemfunza kuuliza hivyo.

"Aliyenifunza kazi," akasema. "Naye alifunzwa na mwengine. Kwani vipi?"

Nikamwambia hakuna neno. Nikamwambia nilikuwa karani, nilitumia spiriti sana. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kuwaona wa spiriti, akashika dole gumba langu kwenye pingili ya chini, akaanza kukamua taratibu. Mimi, Zuhura wa alama za vidole, nikakikaza kidole ili kumrahisishia.

"Usinisaidie, bibi," akasema. "Tazama kule ukutani."

Ukutani hapakuwa na mlima, palikuwa na rangi iliyobanduka tu. Nikaitazama hiyo, nikamwachia mkono, na taa ikawaka kijani.